Platuni ya Kupiga Domo

Watu wa Drenthe, jimbo la mashamba huko Uholanzi, ukiwauliza hali watakujibu, "Ingeweza kuwa mbaya zaidi," na hapo ujue furaha imewafika kooni. Sajenti Meja Hilbert Oosting alikuwa mmoja wao. Miaka yote aliyofundisha askari wa miguu katika kambi ya Veenhorst, hakuna aliyemsikia akisifu jambo kwa maneno mengine. Siku mwanawe wa kwanza alipozaliwa alimtazama kitambo, akamwambia mkewe, "Ingeweza kuwa mbaya zaidi," na mkewe Grietje, ambaye naye ni wa hukohuko, machozi ya furaha yakamlengalenga.

Basi asubuhi ile platuni ilipomaliza zoezi la kuvamia msitu, na yeye akasema, "Haiwezi kuwa mbaya zaidi ya hivi," vijana wakaacha kucheka.

Zoezi lenyewe lilikuwa hivi. Wanakimbia wawiliwawili kati ya misonobari, nyuso zimepakwa masizi. Mmoja analala kumlinda mwenzake, mwenzake anakimbia, kisha naye analala. Kila aliyelala anaelekeza bunduki mbele, anafumba jicho moja, na kwa sauti ya nguvu anasema: pang, pang, pang. Ndivyo bunduki inavyolia masikioni mwa Mholanzi. Risasi za moto hazikuwepo. Risasi baridi, zile za kutoa mlio tu, nazo hazikuwepo. Bohari iliishiwa tangu majira ya baridi yalipokwisha, na shehena mpya iliahidiwa mwakani, neno ambalo watu wa bohari walilitumia mwaka uliopita pia. Kwa hiyo askari wa mojawapo ya nchi tajiri kabisa duniani walikuwa wanapiga kwa mdomo. Wengine hupiga domo barazani; hawa walipiga domo wamevaa helmeti.

"Wubs," Hilbert aliita.

"Naam, afande." Nienke Wubs alikuwa binti wa mji wa Delfzijl, mrefu, mwepesi wa mbio na mwepesi wa maneno.

"Bunduki yako imebaki na risasi?"

"Tele, afande. Hii yangu haiishi kamwe."

"Na wewe mwenyewe?"

"Sauti ndiyo imekwisha, afande. Naomba peremende ya koo."

Wenzake walicheka, naye Hilbert akatoa mfukoni zile peremende nyeusi zenye chumvi akampa moja. Alimpenda kama mtu anavyompenda mwanafunzi anayemjibu. Wiki iliyofuata platuni hii ingepelekwa Lithuania, kwenye misitu inayopakana na Warusi, maana Warusi walikuwa wamekwisha kuinyakua Krimea na kila mkubwa wa Ulaya alikuwa ameapa kwamba hatayumba. Aliyetakiwa kusema kama vijana hawa wako tayari alikuwa Hilbert. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukimbia, kulala, kupiga risasi ya kweli, na kuinuka tena.

Kapteni Terpstra, mkuu wa kombania, alimwita ofisini mchana huo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kijana safi, msomi, mwenye watoto wawili na baiskeli ya thamani, na alijua vizuri kwamba bohari ni tupu.

"Jumatano tuna wageni," alisema. "Wabunge wa kamati ya ulinzi. Nataka waone uvamizi wa msitu."

"Watausikia pia," Hilbert alijibu.

"Hilo nimelifikiria. Nimeazima spika, zile kubwa za klabu ya mpira ya kijijini. Fundi ameziwekea milio ya bunduki. Vijana wakikimbia, spika zinalia. Itapendeza."

"Spika hizo wanakwenda nazo Lithuania?"

"Hilbert, usianze."

"Nauliza tu. Isije adui akakosa burudani."

Kapteni alisugua macho. "Sikiliza. Tukiwaonyesha aibu, watasema jeshi halijui kutunza kidogo lililopewa. Tukiwaonyesha fahari, watafurahi, wataongeza."

"Wakiona tuna kila kitu, waongeze cha nini?"

Kapteni akampa swichi ya spika aitunze mpaka Jumatano.

Wageni walikuja na mabuti mapya ya mpira. Wakasimama kando ya msitu, kapteni akaeleza hili na lile, kisha akainua mkono. Vijana wakaanza kukimbia. Hilbert alikuwa na swichi mfukoni. Hakuiwasha.

Msitu mzima ukajaa sauti za watoto wa watu: pang, pang, pang. Kuna waliokuwa na sauti nene, kuna waliopwelewa. Mmoja alikohoa katikati ya vita, akaomba radhi, akaendelea. Kapteni aligeuka mwekundu. Hilbert aliwatazama wageni usoni, akingoja soni iwashike. Alifikiri labda hata mmoja atainamisha kichwa.

Bibi mmoja alipiga makofi. Alikuwa Mheshimiwa Cranendonk, mwenye skafu ya rangi ya machungwa. "Ubunifu ulioje," alisema. "Kijana wa Kiholanzi hashindwi na kitu." Mwenzake alikuwa anapiga video kwa simu, anacheka mpaka mabega yanatikisika.

Ndani ya ukumbi walinywa kahawa. Kila mmoja alipata biskuti moja, kisha kopo likafungwa, kama ilivyo ada ya Waholanzi. Ukutani waliangaza mchoro wenye nguzo za rangi: nguzo ya Amerika ndefu kama mnara wa kanisa, ya China inafuata, ya Ulaya yote kwa pamoja imekaa vizuri tu, na ya Urusi fupi, kama kigingi cha kufungia mbuzi.

"Hili watu hawalijui," alisema Mheshimiwa Cranendonk akigonga ukuta kwa kalamu. "Ulaya kwa pamoja inatumia fedha za ulinzi mara kadhaa zaidi ya Urusi. Mara kadhaa. Kwa hiyo tusijidharau."

"Mheshimiwa," Hilbert alisema kutoka nyuma, "hizo fedha zinakwenda wapi?"

Kapteni aliingilia haraka, na sifa yake ni kwamba alisema ukweli. "Kila nchi ina makao makuu yake, shule zake, bendi yake. Wamarekani wana kifaru cha aina moja. Ulaya tuna aina zaidi ya kumi, na kila kimoja kina spea zake na kiwanda chake."

"Na mbunge wake wa kukitetea kiwanda," alisema Hilbert.

Ukumbi ukacheka, na Mheshimiwa akacheka pia, maana Mholanzi hanuni hadharani.

"Hawa vijana hawako tayari," Hilbert aliendelea. "Nalisema mbele yenu wote. Wanahitaji risasi za moto, angalau asubuhi moja, kabla ya kuondoka."

"Asante, sajenti meja," alisema Mheshimiwa. "Hilo tunalichukua."

Hilbert alikaa. Alikuwa amehudhuria mikutano ya kutosha kulijua neno hilo. Mholanzi akikuambia mkutanoni "hilo tunalichukua" ameshalizika. Linachukuliwa kweli, lakini hakuna aliyewahi kuona linakopelekwa.

Jioni Grietje alipakua supu nzito ya njegere, ile ambayo kijiko kinasimama wima, akakata soseji juu yake. Mumewe alikuwa anazungusha kijiko tu.

"Kula, Hilbert. Supu haikukukosea kitu."

"Walipiga makofi," alisema.

Grietje hakuwa mpenzi wa jeshi. Katika usichana wake aliandamana Den Haag, mji wa serikali, dhidi ya makombora ya Wamarekani, ilhali Hilbert wakati huo alikuwa kijana anayeendesha kifaru katika kambi ya Waholanzi huko Ujerumani. Walioana bila kukubaliana, wakazeeka vilevile. Grietje alikuwapo siku vifaru vilipouzwa kwa Wafini, baada ya bunge kusema vita vya Ulaya ni mambo ya vitabuni. Siku hiyo Hilbert aliamriwa akioshe kifaru chake vizuri, mnunuzi asije akaudhika. Alikiosha kwa brashi na sabuni, hata kati ya minyororo, kikapandishwa kwenye behewa, akarudi nyumbani akakaa bustanini bila kuvua buti. Grietje, mwandamanaji, alimletea kahawa.

"Mimi sitaki bunduki hata moja duniani," alimwambia sasa. "Unajua. Mkizitupa zote baharini nitawasaidia kubeba. Hilo ni jambo la heshima. Na kumpa mtoto bunduki na risasi zake, mimi nalichukia, lakini naona maana yake. Hili lenu la katikati ndilo linanitapisha. Mnakwenda kumtisha Mrusi kwa maigizo ya shule."

"Si langu."

"Ni lako mpaka useme si lako. Yule msichana wa Delfzijl ana mama."

Hilbert aliacha kijiko, akaenda kumpigia simu Uwe Kassens.

Uwe alikuwa sajenti wa Kijerumani ng'ambo ya mpaka, mwendo wa saa mbili kwa basi, na walifahamiana tangu enzi za vifaru. Kijerumani cha Hilbert kilikuwa kibovu na Kiholanzi cha Uwe kilikuwa kizuri, kwa hiyo waliongea Kiholanzi na kutukanana Kijerumani.

"Mzee, risasi unazo?" Hilbert aliuliza.

"Risasi ninazo. Ijumaa nina uwanja wa shabaha tangu asubuhi, na kikosi kilichopangwa hakiji. Malori yao yote yako gereji, yanangoja spea."

"Mimi malori ninayo."

"Basi tuoane, tupate jeshi moja."

Hilbert hakucheka. "Nigawie risasi, Uwe. Za bunduki zetu."

"Hapo ndipo pagumu. Risasi ni ileile, unene uleule, inaingia na inatoka. Ila wakaguzi wenu hawajaipitisha risasi yetu kwenye bunduki yenu, na wetu hawajaipitisha yenu kwenye yetu. Kijana wako akipata mkwaruzo, mimi na wewe tunafungwa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo waje mikono mitupu. Watapiga kwa bunduki zetu."

Hivyo ndivyo askari wa Kiholanzi walivyokwenda kujifunza kutumia silaha zao kwa kutumia silaha za watu wengine. Ili kupata ruhusa ya malori, Kapteni Terpstra alitakiwa kutaja sababu ya safari. Aliandika "ushirikiano wa Ulaya", maneno yasiyoulizwa maswali. Hakujua maneno hayo ni kama mfupa, na kwamba Den Haag kuna wanasiasa waliokuwa wanaunusa.

Ijumaa kulikuwa na ukungu. Wajerumani waligawa bunduki zao na magazini zao, vikasha vya risasi vya plastiki, zile ambazo unaziona risasi kwa nje, wakawaonyesha kila kitu kinapofungwa na kufunguliwa. Vijana walikuwa wachangamfu kama wanaokwenda kuogelea. Wa kwanza kuingia walikuwa Nienke Wubs na mwenzake.

Alikimbia vizuri. Alilala vizuri. Akapiga, na risasi ya kwanza ya kweli ilimshtua hata bega likaruka, kisha akatulia, akapiga tena na tena. Magazini ikaisha. Bunduki ikanyamaza.

Nienke hakunyamaza. "Pang," alisema kwa sauti ileile ya msituni, "pang, pang," akainuka, akakimbia mbele wazi kabisa kuelekea shabaha, bunduki tupu mkononi, mdomo ukiendelea kufyatua.

Askari wa Kijerumani waliokuwa ukingoni walicheka. Uwe alipiga filimbi kusimamisha kila kitu, na kicheko kikafa chenyewe, maana kila mmoja alikuwa ameelewa alichokiona.

Hilbert alimwendea. Hakupaza sauti. "Bunduki yako ina nini, Wubs?"

Aliitazama magazini. Ilikuwa nyeupe, tupu, unaona mpaka ng'ambo. "Haina kitu, afande."

"Tangu lini?"

"Sijui, afande. Sikuhisi." Utani ulikuwa umemtoka usoni. "Mdomo uliendelea wenyewe."

Hakuwa yeye peke yake. Wa pili alifanya hivyo, na wa tatu, na aliyefuata. Miezi mingi walikuwa wamefundishwa bunduki isiyoisha, na mkono uliokuwa haujawahi kutafuta magazini mpya haukujua kwamba kuna kutafuta. Aliyewafundisha alikuwa Hilbert. Alisimama kwenye ukungu ule akaona kazi yake, akaona watakavyokufa mmoja mmoja huku wakisema pang.

"Tena," alisema.

Wakarudia. Magazini ikaisha, domo likafunguka, Hilbert akamgonga kijana kofia kwa fimbo. "Mkono. Si mdomo. Mkono uende mfukoni." Tena. Wajerumani waliacha kucheka, wakaanza kuwajazia magazini ili wasipoteze muda. Ukungu ulipopanda, Nienke alilala, akapiga, bunduki ikanyamaza, na mkono wake ukashuka kwenye mfuko wa kifuani kabla hajafikiri. Midomo yake ilikuwa imebanwa. Hilbert aliugundua ukimya ule kama mtu anavyogundua mvua imekatika.

Lakini bado kulikuwa na vijana wanane waliokuwa hawajaweza, na ilikuwa Ijumaa. Mjerumani ni mchapakazi, ila Ijumaa saa saba mchana hata vita vikitangazwa anaenda kwao. Uwanja ungefungwa saa saba. Saa sita kasorobo gari jeusi likaingia.

Alishuka kapteni, na nyuma yake Mheshimiwa Cranendonk na skafu yake, na mpiga picha mwenye bendera tatu: ya Uholanzi, ya Ujerumani, na ile ya buluu yenye nyota.

"Sajenti meja," Mheshimiwa alisema, mikono imefunguka, "hii ndiyo Ulaya ninayoihubiri. Vijana wetu na bunduki za jirani. Nani atatuweza?"

"Tuko kazini, mheshimiwa."

"Picha tu. Wapangwe safu mbili, wabadilishane helmeti. Mimi nisimame katikati na bunduki, kama hamtajali."

Mpiga picha alikuwa ameshaanza kuchomeka bendera kwenye mchanga, analalamika mwanga, anauliza kama wanaweza kufutwa masizi kidogo.

Kapteni alimvuta Hilbert kando. "Dakika chache, bwana. Kwa hili watatupatia risasi."

"Walisema hivyo?"

"Walisema wanalichukua."

"Kapteni, wanane hawajui kubadilisha magazini. Wiki ijayo wako mpakani."

"Watajifunza huko."

"Huko atawafundisha nani? Sisi ndio tuliowafundisha ujinga huu, na hatuendi."

Kapteni alitazama buti zake. Alipoinua uso sauti ilikuwa ya afisa. "Wapange kwa picha. Ni amri, Hilbert."

Miaka thelathini na zaidi Hilbert alikuwa hajawahi kukataa amri. Aliosha hata kifaru. "Basi nimeikataa," alisema. "Uwe, umesikia?"

"Mimi Kiholanzi sijui," alijibu Uwe kwa Kiholanzi fasaha, akaenda kwenye mlingoti akapandisha bendera nyekundu.

Kwenye uwanja wa shabaha hakuna cheo juu ya bendera nyekundu. Ikipanda, watu wanapiga, na asiyepiga anakwenda nyuma ya tuta, awe karani au waziri. Askari wawili wa Kijerumani, kwa adabu kubwa, walimpa Mheshimiwa vizibo vya masikio wakamwonyesha njia. Mpiga picha akang'oa bendera zake akimkimbilia. Kapteni alisimama kidogo, kama mtu aliyesahau nyumba yake iko wapi, kisha akawafuata.

Walipiga mpaka saa saba. Katika wale wanane, watano walishika, wawili walishika mara moja na kusahau mara mbili. Mmoja hakushika kabisa. Mpaka dakika ya mwisho bunduki ikinyamaza yeye alisema pang, na kila akisema machozi yalimtoka. Kisha Uwe alishusha bendera, maana madereva wake walikuwa wamekwisha kuvaa nguo za nyumbani.

Kabla ya Jumatatu Hilbert alikuwa amehamishiwa stoo ya sare. Mtu mwingine alisema platuni iko tayari. Gazeti lilitoa picha ya Mheshimiwa nyuma ya tuta, amevaa vizibo, anatabasamu, na chini yake maneno kwamba Ulaya inafanya mazoezi bega kwa bega. Grietje alilisoma, akalitandika chini ya maganda ya viazi.

Siku ya safari Hilbert alifika kwenye basi bila kuitwa. Vijana walikuwa wanapakia mabegi. Nienke Wubs alimwona, akaja.

"Afande, hebu niambie wewe. Tuko tayari?"

Mama yake alikuwa amesimama hatua chache nyuma, mkono kwenye mkoba, anasikiliza.

"Mmepiga asubuhi moja," alisema Hilbert.

"Hilo si jibu, afande."

"Ndilo nililo nalo. Ukifika, kabla ya yote, waombe risasi. Wakikuambia wanalichukua, kaa mlangoni kwao usiondoke."

Nienke alimpigia saluti, ingawa mtu wa stoo hapigiwi. Akapanda. Mama yake alisogea karibu na Hilbert. Walisimama pamoja pale kwenye lami mpaka basi likapita geti.